Kufunga koki kwenye sufuria ya kuyeyushia nta ya mishumaa

Ndugu msomaji,

Umeeleza kwamba unatengeneza mishumaa ya makanisa na ya hoteli mjini Moshi kwa kuchanganya nta ya parafini na nta ya nyuki, na kwamba unaiyeyushia katika sufuria ya alumini ya lita 20 iliyokaa moja kwa moja juu ya jiko la gesi. Kuchota kwa kikombe kunakuchelewesha na nta nyingi inaishia sakafuni. Umekwisha kununua koki ya maji ya nusu inchi, ya shaba njano, na sasa unauliza utoboe wapi, uzibe kwa kitu gani ili isivuje, na ufanye nini ili nta isigande ndani yake.

Jambo hilo linawezekana, na kwa kiasi unachokimwaga kila siku lina faida ya kweli. Hata hivyo nakusihi usitoboe sufuria hiyo kabla ya kubadili namna unavyoipasha moto. Koki juu ya mwali wa wazi ni hatari ambayo haiondolewi na ufundi wowote wa kuziba. Sufuria isiyo na tundu ina njia moja tu ya kumwaga nta, nayo ni mdomo wake, ambao uko mbali na moto. Ukiitoboa karibu na kitako unaifungulia njia ya pili, na njia hiyo iko sentimita chache kutoka kwenye mwali. Tone moja likishuka mwaka huu na jingine mwaka ujao, huenda pasitokee neno. Lakini siku pete ya kuzibia itakapochoka, au mtu atakapougusa mpini kwa kiwiko, kilo kumi na kitu za nta ya moto zitakuwa zinashukia jikoni. Nta ya mishumaa huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto joto lake likifika takriban nyuzi 200, na mwali wa gesi una joto la mara nyingi zaidi ya hilo.

Kwa hiyo tuanze na joto. Nta ya parafini inayouzwa kwa ajili ya mishumaa huyeyuka, kwa kutegemea daraja lake, kati ya nyuzi 50 na 65 hivi za Selsiasi, na nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Katika mchanganyiko wako hakuna kinachohitaji kupita nyuzi 85. Maji yanayochemka Moshi, kwa sababu ya mwinuko wa mji, hayafiki hata nyuzi 100. Yanaishia kwenye 97 hivi. Ukiiweka sufuria ya nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maji hayo yanakuwa mlinzi asiyelala: hata ukisahau jiko likiwaka, nta haitapita joto la maji, ilimradi maji yenyewe hayajakauka. Najua watengenezaji wengi wanaliona jambo hili kuwa la kuchelewesha kazi, na ni kweli kwamba kuyeyusha kunachukua muda mrefu zaidi. Pamoja na hayo, kwa mtu anayetaka koki, maji yana faida ya pili ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Bomba la kutolea nta likipita ndani ya maji ya moto kabla ya kutokea nje, linabaki na joto kwa muda wote wa kazi, na hapo tatizo lako la kuganda linakuwa limekwisha kwa sehemu kubwa kabla hata hujafikiria dawa nyingine.

Muundo ninaokushauri basi ni huu. Tafuta sufuria ya pili ya alumini, yenye kipenyo kinachoizidi ya kwanza kwa sentimita nane hadi kumi, ili pande zote ubaki mwanya wa sentimita nne au tano. Sufuria ya ndani ikae juu ya vipande vya alumini au chuma vyenye unene wa sentimita mbili hivi, maji yapate kupita chini yake. Bomba fupi litoke kwenye ukuta wa sufuria ya ndani, livuke mwanya wa maji, lipenye ukuta wa sufuria ya nje, na koki ifungwe hapo nje. Mdomo wa mwanya usizibwe kabisa kwa hali yoyote. Acha nafasi ya kuongezea maji na ya mvuke kutoka. Fundi akikushauri auchomelee wote uzibike ili mvuke usipotee, mkatalie, kwa maana maji yanayochemshwa ndani ya chombo kilichozibwa hujenga shinikizo linaloweza kukipasua.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitambui mpaka bomba linapoanza kulegea. Sufuria ya ndani itataka kuelea. Yako, ikiwa na kipenyo cha sentimita 32, inasukuma karibu lita 16 za maji pale maji yanapofika sentimita 20 juu ya kitako chake, na hiyo ni nguvu ya kilo 16 inayoisukuma juu. Hata ikiwa na nta usawa uleule haitatulia, kwa sababu lita moja ya nta iliyoyeyuka ina uzito wa gramu 780 hivi tu. Nguvu inayobaki itakuwa inalivuta bomba na kulegeza maungio yake kila siku. Mwambie fundi afunge vishikio vitatu au vinne vya chuma kwenye ukingo wa juu, viishike sufuria ya ndani isipande wala isizunguke.

Sasa koki yenyewe. Ile uliyoinunua usiitumie kwa nta. Koki ya kawaida ya maji ina njia nyembamba yenye kona, na ndani yake kuna kipande cha mpira kinachobanwa na skrubu. Nta hugandia kwenye kona hizo, na mpira wa kawaida ukikaa ndani ya parafini ya moto huvimba na kulainika mpaka usizibe tena. Unachohitaji ni koki ya robo mzunguko, ile yenye mpini mrefu na tufe la chuma lililotobolewa katikati, ambayo mafundi bomba huiita bolu valvu. Ikifunguliwa yote, njia yake ni tundu moja lililonyooka, na hata ikiganda inazibuliwa kwa urahisi. Sisitiza upewe ile ambayo tundu la tufe lina upana sawa na bomba, kwa sababu zipo za bei nafuu ambazo nje ni za nusu inchi na ndani ni nyembamba zaidi. Pete zinazolizunguka tufe ziwe za teflon, ambayo huvumilia hadi nyuzi 260. Koki za plastiki za ndoo na za madebe ya maji ya kunywa usizifikirie kabisa.

Kuhusu madini, kwa parafini peke yake shaba njano ingevumilika. Wewe unachanganya na nta ya nyuki, na nta ya nyuki ina tindikali zake za asili zinazoingiliana na shaba, zinki na chuma cha kawaida. Ikikaa ya moto juu ya madini hayo hubadilika rangi, ikaelekea ukijani kwa shaba na hudhurungi kwa chuma. Mteja wa kanisa anayetaka mshumaa wa rangi ya asali safi atauona mabadiliko hayo. Chukua koki na bomba la stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Sufuria yako ya alumini haina tatizo. Bomba la chuma lililopakwa zinki, lile la kijivu linalotumika kwa maji ya nyumbani, liepuke. Ile koki ya shaba uliyo nayo haitapotea bure: ifunge sehemu ya chini ya ukuta wa sufuria ya nje kwa ajili ya kutolea maji jioni, nawe utaepuka kuinamisha mzigo mzima.

Unaponunua, angalia hesi, yaani mikato ya kuzungushia, kwa makini. Mabomba yanayouzwa Tanzania na Kenya kwa kawaida hufuata kipimo cha Uingereza, lakini koki nyingi za stenlesi zinazoagizwa mtandaoni zina hesi za Kimarekani. Kwa nusu inchi aina zote mbili zina mikato 14 katika kila inchi, hivyo zinashikana mizunguko kadhaa na kukupa matumaini; lakini pembe ya mkato wa Kiingereza ni digrii 55 na wa Kimarekani ni digrii 60, na muungano wa namna hiyo haukai sawasawa. Maji yanaweza kuzuiliwa na tepu nyeupe ya teflon. Nta ya moto hupenya hata palipozuia maji. Nunua koki, bomba na nati zote dukani pamoja, uzifunge kwa mkono palepale mbele ya muuzaji, na ukiona inakaza baada ya mizunguko miwili au mitatu, usichukue.

Kwa tundu, pima katikati yake iwe sentimita nne juu ya kitako. Usishuke zaidi ya hapo, kwanza kwa sababu sufuria zetu zina mviringo pale ukuta unapokutana na kitako na nati haiwezi kukaa vizuri juu ya mviringo, na pili kwa sababu chini ya tundu ndipo takataka zinapotulia. Nta ya nyuki, hasa inayokuja moja kwa moja kutoka kwa wafugaji, hubeba mabaki ya asali, maji, gundi ya nyuki na vumbi la masega, na vyote hivyo ni vizito kuliko nta. Koki iliyoinuliwa kidogo inakupa nta safi na kuuacha uchafu chini. Gharama yake ni kwamba sentimita tatu za mwisho hazitatoka kwa koki. Katika sufuria yako hizo ni lita 2.4 hivi, karibu kilo 1.9 za nta. Si hasara, kwa kuwa nta hiyo inabaki kuwa ya kuanzia siku ya pili, ila unapobadili rangi au aina ya nta lazima uitoe yote kwa mkono.

Bomba la nusu inchi la kipimo cha Uingereza lina kipenyo cha nje cha milimita 20.95, kwa hiyo tundu la milimita 21 linatosha bila kulegea. Alumini ya sufuria ni laini na nyembamba, na keekee ya kawaida ya ukubwa huo huishika na kuirarua. Tumia biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia inayopanuka hatua kwa hatua, ukiegemeza kipande cha mbao upande wa pili. Anza kwa alama ya msumari ili biti isiteleze, kisha lainisha kingo kwa tupa na msasa. Ukuta wa sufuria umepinda na nati ni bapa, kwa hiyo kabla ya kufunga weka mbao ndani na ugonge kwa upole pembeni mwa tundu mpaka upate eneo bapa lenye upana unaozidi kidogo ule wa washa, yaani pete bapa inayokaa kati ya nati na sufuria. Hatua hii ndogo ndiyo inayoamua kama koki itavuja au haitavuja, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi.

Kuziba kuna njia mbili. Ukimpata fundi wa kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni, mwombe aunganishe kipande cha bomba la alumini lenye kuta nene kwenye kuta zote mbili, akate hesi kwenye ncha ya nje, na hapo ndipo koki ifungwe. Ndiyo njia ninayoipendelea kwa muundo wa maji, kwa sababu katikati ya kuta mbili kukaza nati kwa spana ni taabu. Usipompata, tumia bomba la stenlesi lenye hesi mwili mzima, na kila ukuta ubanwe na nati mbili, moja ndani na moja nje, kila nati ikiwa na washa ya teflon inayogusa sufuria. Fundi ataliingiza bomba kutoka nje, avalishe nati za katikati moja baada ya nyingine ndani ya mwanya, ndipo alipenyeze kwenye sufuria ya ndani. Washa za silikoni zinazouzwa kwa ajili ya mabirika huvumilia joto hili, ila nta huzilegeza polepole. Ukizitumia, zikague mara kwa mara na uzibadili mapema. Gundi za mchanganyiko wa chupa mbili, hata zile zinazotangazwa kuwa ni za chuma, usizitegemee kama kizuizi pekee. Alumini na stenlesi hazitanuki sawa zinapopata moto, na gundi ngumu hupasuka baada ya kupashwa na kupoa mara nyingi.

Nimesema kwamba maji yataliweka bomba katika joto, lakini koki yenyewe iko nje na chuma chake hupoteza joto haraka. Iweke karibu na ukuta kadiri mpini unavyoruhusu kuzunguka, na mdomo wake wa kumwagia uwe mfupi, sentimita tatu au nne, ukielekea chini, ili ukifunga nta yote iliyopita tufe idondoke badala ya kubaki. Asubuhi utakuta kidonge cha nta kimeganda ndani ya tufe. Hakikisha mpini umefungwa kabla hujawasha jiko, kwa maana koki iliyoachwa wazi huzuiwa na nta iliyoganda tu, na joto likifika nta hiyo inaachia ghafla na chombo kizima kinaanza kumwagika ukiwa umeupa mgongo. Nta ya ndani ikishayeyuka yote, ipashe koki kwa mashine ya kukaushia nywele au kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yanayochemka, hadi mpini uzunguke bila kulazimishwa. Mpini mgumu usiupige wala usiuongezee bomba la kuuvutia. Ugumu huo maana yake nta bado imeganda. Mwali wa gesi au wa kibiriti usiusogeze kwenye koki kamwe.

Nta ya kwanza kutoka, karibu kikombe kimoja, irudishe juu sufuriani, kwa sababu imepozwa na chuma na itaacha michirizi kwenye mshumaa. Pia nakushauri usimwage kutoka kwenye koki moja kwa moja hadi kwenye kalibu. Mwaga kwanza kwenye jagi la chuma lililowekwa juu ya mizani, changanya humo rangi na manukato kwa uzito, kisha ndipo ujaze kalibu. Sufuria kubwa ibaki na nta tupu siku zote: manukato yanayokaa saa nyingi kwenye joto hupungua nguvu, na rangi iliyoingia kwenye koki itachafua mishumaa myeupe ya juma zima.

Jiko lizimwe kabla ya koki kufunguliwa, bila ubaguzi. Hutapoteza kitu kwa kufanya hivyo, kwa kuwa kilo moja ya maji hubeba joto karibu mara mbili ya lile la kilo moja ya nta, na maji yanayoizunguka sufuria yatakupa muda wa kutosha wa kumwaga. Koki ielekee upande ulio mbali na mtungi wa gesi na mpira wake, ipite ukingo wa jiko, na chini yake pawe na karai la chuma kikavu. Weka karibu mfuniko unaoifunika sufuria yote na kizima moto cha poda kavu. Nta ikishika moto, zima gesi, funika, ondoka. Maji usiyaguse: huzama chini ya nta, hugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,000, na kuirusha nta inayowaka mpaka darini.

Kwa wasomaji wengine wanaoniuliza kuhusu yale mabirika makubwa ya umeme ya chai, ya stenlesi na yenye koki tayari, ni njia nzuri kwa wenye umeme wa uhakika, mradi koki ya plastiki ibadilishwe, koili iwe imefichwa chini ya kitako, na joto lipimwe kwa kipimajoto badala ya kuamini namba za kitufe. Asitoboe mtu tundu jipya kwenye birika la namna hiyo, kwa sababu ndani ya kuta zake huenda kuna nyaya.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, jaza sufuria ya ndani maji ya moto yanayokaribia kuchemka, uiache kwa saa moja koki ikiwa imefungwa, ukipangusa kila muungano kwa karatasi kavu. Yakipoa, kaza nati tena kidogo, maana teflon hujibana ikipata joto. Kaushe yote kabisa, pamoja na ndani ya tufe kwa kufungua na kufunga mara kadhaa, kisha rudia jaribio kwa kilo nne au tano za nta ya bei ndogo, ambazo zitalifunika tundu la bomba. Tandika karatasi nyeupe chini na uziangalie mpaka zipoe. Doa lolote la mafuta kwenye karatasi hiyo linamaanisha muungano ufunguliwe na uanzwe upya, hata kama maji hayakuvuja.